Programu huria kwenye chaja za magari ya umeme: yanayosemwa na yalivyo

"Chaja ni soketi kubwa tu, programu ya nini?" Dhana hii ndiyo mama, nyingine nyingi kuhusu programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, zimezaliwa humo. Kile kisanduku cha ukutani cha umeme wa AC, yaani ule wa kawaida wa nyumbani, kwa kweli hakichaji chochote. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, na ndiyo inayougeuza umeme kuwa DC, yaani wa mkondo mnyoofu, wa kuingia kwenye betri. Kazi ya kisanduku ni kuongea na gari, halafu kufunga au kukata saketi.

Mwenye oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, anaweza kuyaona mazungumzo hayo. Kwenye plagi mna waya mmoja mwembamba wa mawasiliano. Gari lisipokuwepo, waya huo una volti 12. Ukichomeka, rezista iliyomo garini inazishusha hadi 9, na kisanduku kinaanza kupeleka mawimbi 1,000 kwa sekunde. Upana wa wimbi ndio ujumbe: likikaa juu 10% ya muda wake, gari lisivute zaidi ya ampea 6, likikaa 50%, mwisho ni ampea 30. Gari likiwa tayari, linashusha volti hadi 6. Hapo ndipo kontakta, ile swichi kubwa iliyomo kwenye kisanduku, inapogonga na umeme mkubwa kupita. Kabla ya hapo zile pini nene hazina kitu. Upana ukiwa 5%, kisanduku kinaliambia gari kwamba sasa tuongee kidijitali, na ndivyo zinavyoanza chaja kubwa za DC za CCS, mfumo wa plagi ya kuchaji haraka.

Hakuna siri ya kampuni hapo. Yote yameandikwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61851. Ndiyo maana mradi wa OpenEVSE wa Marekani uliweza kuyaweka kwenye kichakataji kidogo cha aina ya Arduino, zaidi ya miaka kumi iliyopita, na msimbo ukaachwa wazi kwa yeyote.

Wengine wameshavuka hatua hiyo, ila wanasema: "Chaja yangu inatumia OCPP, kwa hiyo ni huria." Hapana. OCPP, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2009, ni itifaki ya mawasiliano kati ya chaja na seva inayoisimamia. Kampuni inaweza kuifuata neno kwa neno huku programu yake ikiwa imefungwa kwa makufuli saba. Ukitafuta programu huria yenyewe, jiulize kwanza itakaa wapi. Ndani ya chaja kuna EVerest, iliyoanzishwa na PIONIX ya Ujerumani na sasa iko chini ya LF Energy, taasisi inayolea miradi huria ya nishati, kwa leseni huria ya Apache 2.0. Upande wa seva kuna SteVe, iliyozaliwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen. Kwa mwenye paneli za sola anayetaka gari linywe jua linalobaki, kuna evcc. Nimeona watu wakipakua SteVe wakitarajia iendeshe kontakta. Haitaiendesha, si kazi yake.

Kuhusu usalama utasikia kwamba msimbo ukiwa wazi, kila mwizi ataingia. Tazama yaliyotokea kwenye barabara kuu ya M11 ya Urusi mwanzoni mwa 2022. Chaja zilizimwa kutoka mbali na skrini zikaanza kuonyesha maneno ya kumshambulia Putin. Wenye chaja walieleza kuwa vipuri muhimu vilitoka kampuni ya Ukraine, na kwamba iliacha mlango wa siri ndani ya programu. Mlango wa namna hiyo hujificha vizuri pale ambapo mnunuzi haruhusiwi kuchungulia. Sisemi msimbo wazi hauna matundu. Unayo, na usipousasisha utaingiliwa vilevile. Tofauti ni kwamba huhitaji ruhusa ya mtu kuyatafuta.

"Programu ya kampuni ina uhakika zaidi." Ina uhakika maadamu kampuni ipo. Oktoba 2024 Enel X Way, iliyokuwa ikiuza chaja za JuiceBox Marekani na Kanada, ilitangaza kufunga biashara yake huko, na kufikia tarehe 11 ya mwezi huohuo mambo yakawa yameisha. Visanduku vya nyumbani viliendelea kuchaji, lakini huduma za mtandaoni zikakatika. Kwa vituo vya biashara, kampuni yenyewe ilionya kwamba vitapungukiwa na uwezo. Baadhi ya wenye chaja waliokolewa na programu huria iliyoandikwa na watumiaji, inayokaa ndani ya mtandao wa nyumbani na kushika nafasi ya seva ya kampuni.

Kisa hicho kinavunja pia ile imani kwamba chaja haiwezi kuwa na akili bila intaneti. Chukua maegesho yenye ampea 60 za kutumia na magari manne, kila moja likitaka 32. Kompyuta ndogo iliyopo palepale inagawa 15 kwa kila gari. Moja likijaa, matatu yaliyobaki yanapanda hadi 20. Chini ya 6 kile kiwango cha IEC 61851 hakiruhusu kushuka, kwa hiyo gari la kumi na moja lisubiri zamu. Kuanza kuchaji usiku umeme ukiwa nafuu nako kunahitaji saa tu. Kenya ilipoweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri mwaka 2023, bei ya nje ya saa za kilele, yaani saa za matumizi makubwa, iliwekwa nusu ya ile ya kilele. Mwenye mabasi hahitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Imebaki ile ya "huria ni bure, nitajijengea mwenyewe". Leseni ndiyo bure. Kontakta, mita, kebo, fundi umeme mwenye leseni na vipimo vya kuthibitisha ubora vyote vinalipiwa. Kuna vitu ambavyo msimbo hauwezi kushika nafasi yake: RCD ya kukata umeme ukivuja miliampea 30, na kipimo cha uvujaji wa DC cha miliampea 6, kwa kuwa DC inaweza kuipofusha RCD ya kawaida. Kompyuta ikiganda, hivyo viwili lazima viendelee kufanya kazi vyenyewe. Fundi akikwambia programu itashughulikia hilo, tafuta fundi mwingine.