Usiiamini haraka rangi ya zambarau: kupima sumu ya nano kwenye seli

Tangu Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha ashinde tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji linalotumia teknolojia ya nano, neno hilo limezoeleka mjini. Hata fundi bomba analitamka. Akishalitamka, swali linalofuata ni lile lile, awe wa Tengeru au wa Sakina: "Sasa hizo nano zenyewe si sumu?" Huwa nawachosha kidogo, kwa sababu kabla ya kujibu naanza kueleza jinsi kipimo chenyewe kinavyoweza kutudanganya.

Chembe ya nano ina upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Fedha, namaanisha madini yale ya silva, ikisagika kiasi hicho, eneo lake la kugusana na vitu huwa kubwa mno kuliko kipande kizima chenye uzito ule ule. Ndiyo maana inaua bakteria vizuri, na ndiyo maana tunataka kujua inawafanya nini wanywaji wa maji yaliyopita kwenye chujio. Tunaanza na seli za binadamu zinazokuzwa maabara. Kwa kitu cha maji ya kunywa mimi huchagua Caco-2, seli zilizotokana na saratani ya utumbo mpana, ambazo zikiachwa kama siku 21 hujipanga mithili ya ukuta wa utumbo mwembamba. Pembeni huweka HepG2, za ini. Zote zinakaa kwenye nyuzijoto 37, hewa ya kaboni dioksidi asilimia 5, na zinalishwa seramu ya ndama, yaani majimaji ya damu yake, tunayoagiza nje kwa bei ya kuumiza, ilhali ng'ombe wa Wamaasai wanapita nje ya geti.

Kipimo kinachopendwa ni MTT. Unaweka dawa ya njano kwenye sahani yenye vishimo 96. Seli hai zinaigeuza kuwa fuwele za zambarau, unaziyeyusha, mashine inasoma ukolezi wa rangi kwenye nanomita 570. Zambarau nyingi, seli hai nyingi. Kwa kiwango cha ISO 10993-5, kilichotungwa kwa ajili ya vifaa tiba, uhai ukishuka chini ya asilimia 70 ya seli ambazo hazikuguswa, kitu hicho kinahesabiwa kuwa sumu kwa seli. Wanafunzi wengi wakifika hapo wanachora grafu na kwenda kunywa chai.

Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba mirija ya nano ya kaboni inang'ang'ania zile fuwele za zambarau, zinagoma kuyeyuka. Mashine ikasoma vifo, wakati vipimo vingine vilionyesha seli zile zile ziko hai. Kuna chembe zinazofanya kinyume chake: zinaigeuza dawa ya njano zenyewe, bila seli hata moja, na sumu inafichika. Ukikimbilia kipimo cha LDH, kinachopima kimeng'enya kinachovuja kutoka seli zilizopasuka, fedha na shaba zinaweza kukilemaza kimeng'enya hicho kisisomeke. Kwa hiyo sahani isiyo na vishimo vya chembe peke yake, pasipo seli, mimi siisomi. Na majibu nayataka kutoka vipimo viwili vinavyotumia njia tofauti.

Halafu kuna dozi, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kuandika "mikrogramu 50 kwa mililita" hakumaanishi kwamba seli zimepata hizo 50. Seli zimelala chini ya kishimo. Chembe zilizogandamana zinazama na kuzifunika. Zile ndogo zinaweza kubaki zikielea juu siku nzima. Protini za seramu nazo zinajivika juu ya chembe, hivyo seli inakutana na kitu chenye koti, tofauti na ulichonunua. Chumvi zinabadilisha mambo zaidi. Maji ya miteremko ya Meru yana sodiamu, bikaboneti na floraidi ya kutosha kuacha meno ya watu na rangi ya kahawia. Chembe iliyotulia kwenye maji ya kukenekwa inaweza kugandamana humo. Pima ukubwa wake kwenye majimaji yale yale ya majaribio, mwanzoni na baada ya saa 24.

Kwa fedha na zinki oksidi kuna swali jingine: nani ameua, chembe au ioni, yaani atomi zenye chaji, zilizoyeyuka kutoka kwake? Zungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji ya kasi kubwa hadi chembe zizame, chukua maji ya juu, yape seli nyingine. Zikifa kwa kiwango kile kile, mtuhumiwa wa kwanza ni ioni.

Sasa nirudi kwa fundi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani imewahi kutaja kwamba fedha hadi miligramu 0.1 kwa lita ya maji ya kunywa inaweza kuvumilika bila hatari kwa afya. Hiyo ni mikrogramu 0.1 kwa mililita. Zile 50 za kwenye sahani ni mara 500 zaidi. Anayeniletea grafu ya seli zilizokufa namwomba kwanza akapime maji yanayotoka kwenye chujio lenyewe, kisha aandike namba hiyo kwenye mhimili ule ule wa dozi.