Tofauti za Vyombo vya Usalama Zisifichwe Katika Tathmini za Kijasusi

Wakazi wa Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi wana sababu nzito ya kutaka kuelewa jinsi serikali inavyoandaa tathmini za kijasusi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, wakiwemo 744 katika Bonde la Ufa, 134 Nyanza na 98 Magharibi. Tume hiyo ilibaini kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imeonya mapema kuhusu uwezekano wa ghasia, lakini vyombo vya usalama kwa jumla havikujiandaa ipasavyo wala havikufaulu kuzidhibiti. Onyo lilikuwepo, ila halikugeuka kuwa uamuzi wa pamoja.

Ni muhimu kutenganisha taarifa na tathmini. Taarifa ni habari iliyopatikana, kwa mfano kwamba vijana fulani wamekutana usiku mahali fulani. Tathmini ni maoni ya wachambuzi kuhusu maana ya habari hiyo na nini huenda kikatokea. Katiba yetu, katika kifungu cha 239, inataja asasi tatu za usalama wa taifa: Jeshi la Ulinzi, Huduma ya Taifa ya Ujasusi na Huduma ya Taifa ya Polisi. Kila moja huitazama habari ileile kwa jicho lake. Afisa wa upelelezi hujiuliza kama kuna ushahidi utakaosimama mahakamani, mwanajeshi hupima uwezo wa adui, naye afisa wa ujasusi hutafuta dalili za jambo ambalo bado halijatendeka. Tofauti hizo hazitokani na nia mbaya, ingawa ni kweli pia kwamba bajeti, sifa na hofu ya kufichua mtoa habari huchangia ushindani.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka Sondu, penye mpaka wa Kisumu na Kericho. Mtu mmoja anamweleza chifu kwamba kuna mikutano ya usiku, kisha anawaambia vivyo hivyo polisi na afisa wa ujasusi. Kamati ya usalama ya kaunti, chini ya kamishna wa kaunti, inapokutana, inaletewa ripoti tatu zinazoonekana kuthibitishana, kumbe zote zimetoka kinywani mwa mtu mmoja. Polisi wanaamini ni wizi wa mifugo, afisa wa ujasusi anaamini ni maandalizi ya fujo za kisiasa. Karani akiandika tu kwamba “kuna wasiwasi wa usalama Sondu”, wote watakubali kutia sahihi, na hakuna atakayejua iwapo wapelekwe askari wa doria au waitwe wazee wa pande zote mbili kuzungumza. Sentensi inayomridhisha kila aliyeketi mezani mara nyingi haimsaidii anayepaswa kuamua.

Marekani, yenye mashirika mengi zaidi ya ujasusi, imelipia gharama ya makosa ya aina mbili yanayotofautiana. La kwanza ni kuzuia taarifa. Mapema mwaka 2000 CIA, shirika la ujasusi wa nje la Marekani, ilikuwa imewafuatilia watu wawili waliohudhuria mkutano wa wanamgambo Kuala Lumpur, lakini wawili hao waliingia Marekani na majina yao hayakuwekwa kwenye orodha ya kuangaliwa hadi Agosti 2001, wiki chache kabla hawajashiriki katika mashambulizi ya Septemba 11. FBI, yenye jukumu la kuwasaka watu kama hao ndani ya nchi, ilichelewa kupata picha kamili.

Kosa la pili, ambalo mimi naliona kuwa gumu zaidi kulitambua, ni kulainisha tofauti za maoni. Tathmini ya Oktoba 2002 kuhusu silaha za Iraki iliandaliwa kwa muda usiofika wiki tatu. CIA ilishikilia kwamba mirija ya alumini iliyokuwa ikinunuliwa na Iraki ilikusudiwa kwa mitambo ya kurutubisha madini ya urani, yaani kwa ajili ya silaha za nyuklia. Wataalamu wa Wizara ya Nishati, ambao ndio walioijua vyema mitambo hiyo, walikataa, na kitengo cha ujasusi cha Wizara ya Mambo ya Nje kikawaunga mkono. Pingamizi zao ziliandikwa katika waraka wa siri. Hata hivyo, katika toleo lililotolewa kwa umma, walitajwa tu kuwa “baadhi” ya wataalamu, bila msomaji kuelezwa kwamba hao baadhi ndio waliokuwa na ujuzi wa jambo lenyewe. Baada ya uvamizi wa 2003, hakuna mpango wa nyuklia uliokuwa umefufuliwa uliopatikana.

Kwa hiyo nasisitiza kwamba vyombo vishirikiane kikamilifu katika taarifa, lakini viwe huru kushindana katika tafsiri. Chombo kinachopinga kitajwe kwa jina, sababu zake ziandikwe katika ukurasa uleule wa hitimisho, na kila ripoti ionyeshe kama chanzo chake ni kilekile kilichotumiwa na wengine. Wingi wa sahihi usichukuliwe kuwa ushahidi.

Mwananchi hawezi kusoma nyaraka za siri, na kwa sehemu kubwa hapaswi. Hata hivyo, kifungu cha 240 cha Katiba kinalitaka Baraza la Usalama la Taifa liripoti kila mwaka kwa Bunge kuhusu hali ya usalama nchini. Wabunge wetu wanaweza kuuliza, bila kudai jina la mtoa habari yeyote, ni mambo gani ambayo vyombo havikukubaliana, na nani aliyeamua msimamo upi ufuatwe.