Ufasaha ni nini, na lafudhi inaingilia wapi?

Jumamosi iliyopita nilikaa tena kwenye juri ya mtihani wa mdomo, darasa la Kiingereza la jioni hapa Bukavu. Mama mmoja mchuuzi alieleza dakika tatu nzima namna anavyovuka mto Ruzizi kununua nyanya Kamembe, upande wa Rwanda: foleni ya mpakani, bei, mvua iliyomharibia ndoo mbili. Hakukwama. Ila kila alipotaja tatu kwa Kiingereza, aliianza na "s". Mwenzangu akaandika: ufasaha, 4 kwa 10. Nikamuuliza sababu. "Lafudhi yake nzito, mwalimu."

Basi tuelewane. Kwa wanaofundisha lugha ya pili, ufasaha ni kuendelea kusema bila kukatikakatika: kasi, maneno mangapi yanatoka kabla ya kunyamaza, na hasa mahali unaponyamazia. Anayemaliza wazo kwanza ndipo apumue yuko mbele ya anayesimama katikati ya sentensi akitafuta kitenzi. Lafudhi ni sauti ya ulikotoka.

Nakiri neno lenyewe linatuponza. Fasaha ni la Kiarabu, mzizi mmoja na "fus-ha", Kiarabu sanifu. Kamusi za kale za Waarabu huupeleka mzizi huo kwenye maziwa: maziwa yaliyotokwa na povu yakabaki safi. Ndiyo maana tukisikia "Kiswahili fasaha" tunawaza usafi, lugha isiyo na takataka. Lakini neno la Kiingereza tunalolitafsiri kwa ufasaha, "fluency", limetoka kwenye Kilatini fluere, kutiririka. Hayo ni maji, si maziwa. Ruzizi inatiririka hata ikijaa tope.

Na lafudhi? Kiarabu tena, kutoka kitenzi chenye maana ya kutema kitu mdomoni. Kila mtu hutema kwa mdomo wake. Tena ajabu ni kwamba wengi wetu hapa tunasema "lafuzi", kama tunavyosema "zahabu", halafu tunamkata pointi mama wa watu kwa sauti ya jirani na hiyo!

Mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha, ule wa A1 hadi C2 uliotoka 2001, una jedwali la kupimia mazungumzo lenye safu tano: upana wa lugha, usahihi, ufasaha (kwa Kifaransa aisance), maingiliano na mshikamano. Lafudhi haina safu humo. Matamshi yana kipimo chao pembeni, nacho kiliandikwa upya katika nyongeza ya 2018, mzawa wa lugha akaacha kuwa kigezo. Kinachoangaliwa zaidi ni kama unaeleweka.

Siku hiyohiyo kijana mmoja alighani maelezo aliyoyakariri, pua imebanwa kama mtangazaji wa Marekani. Akapewa 9. Nilipomuuliza swali dogo tu, anaishi na nani nyumbani, alitazama dari mpaka tukamhurumia.

Mwenzangu ni mwalimu mzuri, wala sikumbishia mbele ya wanafunzi. Tulipokuwa tunakusanya karatasi nilimwomba achore safu nyingine pembeni, aiite matamshi, aweke humo ile "s" yake na pointi anazoona zinafaa. Ile 4 ya ufasaha aliifuta kwa kalamu. Mpaka naondoka alikuwa hajaandika nyingine.