Je, wajua kwa nini kila mwandishi wa Kiswahili lazima akuite kitu fulani kabla hajaanza stori?

Fungua makala yoyote ya Kiswahili, iwe ya afya, ya mapenzi, ya kilimo cha matikiti, halafu angalia mstari wa kwanza. Ndugu msomaji. Mpenzi msomaji. Wapendwa. Wadau. Wakuu habari zenu. Watu wangu. Kuna jamaa akiandika jinsi ya kufuga kuku wa kienyeji lazima akuite "mjasiriamali mwenzangu" hata kama we umeingia pale kutafuta mapishi. Hivi kwani hawezi kuanza tu na kuku?

Kuweza anaweza, ila lugha yenyewe inamsukuma, na sababu yake iko kwenye herufi moja tu, ile "u" ya mwanzo wa kitendo. Unasoma, umekula, utakuja, ukipenda. "U" hiyo hiyo unamwambia mtoto wa darasa la pili na unamwambia babu yako mzaa baba, haibadiliki. Mfaransa akitaka kuandika lazima kwanza achague, "tu" kama mmezoeana, "vous" kama anakuheshimu au hakujui, na akishachagua vous basi heshima imeshalipwa makala nzima. Kiswahili sanifu hakina hiyo kitu. Sasa sisi watu wa shikamoo, watu ambao ukikutana na mtu mzima na hukumwamkia stori inafika kwenu kabla yako, tutaachaje heshima ining'inie hivyo hivyo? Ndio maana tunaibandika pembeni: baba, mama, mzee, kaka, dada, shangazi, mwalimu, mkuu. Ukimwambia mzee "umekula?" kavu kavu inasikika kama unamhoji, ila "mzee, umekula?" imekaa sawa.

Konda wa daladala anaijua hii kazi kuliko profesa yeyote. Anakuangalia sekunde moja tu ameshajua, wewe ni anko, wewe mama, wewe sista, yule pale na suti ni bosi, "anko sogea nyuma kidogo, mama shika hapo, braza nauli". Hakosei mara nyingi maana anaona sura. Mwandishi sura haoni. Anaandika usiku peke yake, hajui atakayesoma ana miaka 15 au 70, ni shehe au ni mpiga debe, kwa hiyo inabidi atafute jina moja la kumvisha kila mtu, na historia ya hayo majina ndiyo tamu yenyewe.

Zamani shida hii haikuwepo sana kwa sababu mwandishi alimjua msomaji wake. Mwana Kupona binti Mshamu, yule wa pwani ya Lamu aliyekuwa mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na anayemwambia ni binti yake Mwana Hashima. Neno la kwanza kabisa ni kumwita asogee karibu, "Negema wangu binti", halafu anamwambia aje na wino na karatasi akae amsikilize. Ukisoma unaiona picha kabisa, mama kitandani na mtoto pembeni. Lakini cha kuangalia ni kule mwishoni, maana mama anamwacha binti na kuwageukia wanawake wote, anawaambia wasome na waelewe maana. Yaani ameanza na mtu mmoja anayemjua kwa jina na amemaliza na umma asioujua, ndani ya utendi mmoja. Shaaban Robert naye alipita njia hiyo hiyo, Utenzi wa Hati akamwandikia binti yake na ule wa Adili akamwandikia mwanawe wa kiume, na leo tunausoma sisi ambao si watoto wake. Mi naona hii mbinu haijazeeka hata kidogo. Ukimwandikia mmoja kwa dhati, wengine wanakaa pembeni kusikiliza, tena wanasikiliza vizuri kuliko wangeitwa wao.

Na barua je? Barua za zamani za pwani, zile za herufi za Kiarabu, zilianza na msururu wa sifa kwa mpokeaji, sheikh fulani mpenzi mtukufu, salamu, dua, ndipo inafika habari yenyewe. Shuleni tukafundishwa toleo letu. Waliosoma miaka ya 80 na 90 wanaikumbuka bila kuangalia: salamu nyingi baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, dhumuni la barua hii... Nusu ukurasa umeisha na bado hujaombwa hela ya viatu. Watu wanacheka leo ila ile ilikuwa ni hodi, huwezi kuingia kwa mtu na shida yako kabla hujajua kaamkaje.

Gazeti likaja kuvuruga. Msimulizi lilianza Zanzibar mwaka 1888 kwa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA pale Kiungani, baadaye Mambo Leo likaanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya idara ya elimu ya serikali ya Mwingereza, na hapo mtu wa Tabora anaandika kitu kinasomwa na mtu wa Lindi ambao hawatakutana maisha. Amwite nani sasa? Wengi wakaona njia rahisi ni kumwita yule mmoja ambaye lazima atasoma, yaani mhariri. Ndio maana mashairi ya magazetini, na barua za wasomaji mpaka leo, zinaanza na mhariri: Bwana Mhariri naomba nafasi katika gazeti lako, mhariri nipokee, mhariri usinitupe kapuni. Ubeti wa kwanza mzima unaweza kwenda kwa mhariri kumbe anayelengwa ni malenga mwenzake wa Tanga aliyemchokoza toleo lililopita. Mhariri ni mlinzi wa geti tu, unamsalimia vizuri ili upite.

Redio nayo ikaleta ya kwake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, BBC ikaanza kutangaza kwa Kiswahili 1957, Deutsche Welle 1963, na mtangazaji yuko studio peke yake na kipaza sauti, anaongea na mtu aliyekaa kwenye kigoda anakuna nazi. Huyo ukimwita "enyi wasikilizaji" umemfanya ajione yuko mkutanoni. Akawa mpenzi msikilizaji. Magazeti nayo yana mpenzi msomaji wake, na vijana wa sasa wakiiona wanacheka, wanauliza huyu mzee ananitongoza au vipi, kwa sababu kwao mpenzi ni yule wa kupost siku ya Valentine. Wazee walikuwa wanaisoma tofauti, Biblia ya Kiswahili wanayoijua inasema "Wapenzi, na mpendane" na kanisani hakuna aliyeshtuka. Ila naona mpenzi anazidi kupungua na mpendwa ndiye anayeshika nafasi yake, salama zaidi, hamna mume wa mtu atakayekuuliza.

Halafu kuna redio ya Kenya, Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana, kilichoanza mwaka 1966 na kikadumu miongo kwa miongo. Ule mtindo wa kuuliza ulikuwa ni ujanja mtupu. Anakueleza kituko cha mtu fulani, mgeni aliyekuja bila taarifa wakati wa chakula tuseme, halafu anakuuliza wewe kama huo ni ungwana. Hajakuita jina lolote lakini ameshakukalisha kwenye kiti cha hakimu, na hakimu gani anazima redio kabla ya kesi kuisha. Hata hizi Je, Wajua za siku hizi, pamoja na hii unayosoma, zinaishi kwa mtaji huo huo.

Tanzania kuna ndugu, na huyu alikuwa na siasa nyuma yake. Chama tawala cha TANU na ujamaa wake, hasa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, ilitaka watu waitane ndugu, waziri ndugu, mkulima ndugu, karani ndugu, na magazeti ya chama kama Uhuru yakaandika hivyo hivyo. Kwa mwandishi hii ilikuwa zawadi kwa sababu ndugu haulizi umri, haulizi mke au mume, haulizi dini wala cheo. Baadaye ujamaa ukapoa, bungeni kila mtu akawa mheshimiwa, ila kwenye makala ndugu msomaji akabaki pale pale kama hajasikia kwamba mambo yamebadilika. Wakenya nao wanamtumia, japo kwao hakuja na azimio lolote.

Blogu zilipoingia kitu kikageuka kabisa, kwa sababu msomaji sasa anajibu siku hiyo hiyo. Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti, alianzisha blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, na pale wasomaji walikuwa wadau. Mdau wa London kaleta picha, mdau wa Mbagala anauliza, mdau hakubali. Neno lenyewe tulilizoea kwenye semina na warsha, wadau wa maendeleo, wadau wa elimu, wale wanaosaini karatasi ya posho, akalichukua akampa mtu wa kawaida mwenye intaneti kafe ya buku. Na mdau ana hisa bwana, si msomaji tu, kwa hiyo anaruhusiwa kulalamika. Wao nao wakamwita yeye Ankal. Hapo ndipo naona kilichobadilika kweli, maana gazeti lilikuita ndugu na halikusubiri umwite chochote, ila huku jina linakwenda na jina linarudi. Mtangazaji Millard Ayo ana "mtu wangu wa nguvu", kwenye majukwaa ya mijadala ni wakuu, akina dada wa Instagram wana mamito na wapenzi wangu, kanisani wapendwa, na muuza viatu mtandaoni kila mtu ni bosi hata anayeuliza bei bila nia ya kununua.

Kuna kitu kidogo ukianza kukiona hutaacha kukiona. Mwandishi anaanza na wingi halafu katikati anakuhamisha kwenye umoja bila kuaga. "Habari zenu wapendwa, leo nataka niwaeleze kuhusu presha, sasa ukiona kichwa kinakuuma kila asubuhi usikae kimya, nenda kapime." Zenu, niwaeleze, halafu ghafla kinakuuma, usikae. Mwalimu wa sarufi atachora mstari mwekundu hapo. Mi simlaumu mwandishi hata kidogo, kwa sababu kusalimia unasalimia kundi ila kichwa kinauma cha mtu mmoja, na "mkiona vichwa vinawauma" inaonekana kama kijiji kizima kimelishwa kitu. Mwana Kupona alitoka kwa mmoja kwenda kwa wengi, hawa wanatoka kwa wengi kuja kwa mmoja.

Na akitaka kukusema vibaya? Hapo hakuiti tena. Ndugu anapotea, mdau anapotea, inakuja "kuna watu humu", "wapo wenzetu", "baadhi yetu tuna tabia". Ni adabu na ni woga kwa pamoja, maana ukimwambia msomaji "wewe ni mvivu" anafunga ukurasa. Kanga ndiyo imetufundisha haya yote kitambo. Mtu anavaa "Usisafirie nyota ya mwenzio" anapita uani kwenda kuanika nguo, hakumtaja mtu, hakumwangalia mtu, lakini jirani fulani chakula hakishuki. Ile "u" isiyo na jina ni kali kuliko jina lenyewe, maana kila mwenye kidonda anajua ni yeye. Nenda kasome posti zinazoanza na "kuna mdada mmoja" halafu hesabu wanawake wanaojitetea kwenye komenti.

Siku hizi na mashine nazo zinatuita. Meseji ya kampuni ya simu inaanza "Ndugu mteja", ile ndugu ya ujamaa sasa inakwambia bando lako limeisha. Benki wanapenda "Mpendwa mteja", hasa wakitaka kukujulisha makato mapya.

Wanaokwepa haya yote ni matapeli wa kwenye simu. Ile meseji maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii", haina habari yako, haina ndugu, haina chochote, inaingia bila hodi. Na inafanya kazi hasa kwa sababu hiyo, maana mtu anayekujua vizuri ndiye tu anayeweza kukuandikia bila salamu, kwa hiyo mwenye deni au mwenye kodi ya kulipa anaisoma haraka haraka na anaona ni mwenye nyumba yule, au ni fundi, hamna haja ya kuuliza. Ingeanza na "Mpendwa msomaji" asingetuma mtu hata mia.