Funguo za Mwaka 1964: Zibaki au Zitoke?

Wiki iliyopita kijana mmoja aliweka sanduku la gitaa juu ya meza yangu ya kazi hapa Mombasa. Ndani mlikuwa na gitaa la umeme, Gibson ES-335 ya mwaka 1964, la marehemu babu yake aliyekuwa baharia. Akatoa mfukoni kiboksi chenye funguo sita mpya za kukazia nyuzi, za kampuni ya Grover, zinang'aa kama kioo.

"Fundi, hizi za zamani hazishiki tuni. Nitolee zote, unifungie hizi."

Nikamwomba aniachie gitaa siku tatu. Drili sikuigusa.

Funguo zilizokuwa pale ni Deluxe za kampuni ya Kluson, zile zile zilizofungwa kiwandani. Ili Grover ziingie, kila tundu la kichwa cha gitaa, ambalo lina upana wa karibu milimita 8.7, lazima litanuliwe hadi 10. Mara sita. Skrubu nazo hazikai mahali pamoja, kwa hiyo nyuma ya kichwa yanaongezeka matundu mengine mapya. Mbao ikishatolewa imetoka. Siku hizi vipo vipete vya kupunguzia tundu, na vinasaidia sana kwa gitaa ambalo tayari limetobolewa, lakini havirudishi kilichokwenda na unga wa drili. Tena Grover ni nzito kuliko Kluson. Ukivaa gitaa kwa mkanda utasikia kichwa kinavuta chini.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nilipoanza kazi hii nilimtanulia mteja matundu kama hayo, nikatupa funguo za zamani kwenye pipa la takataka. Hakuna aliyenilaumu. Leo nikiliona gitaa lile, jicho langu linakwenda moja kwa moja kichwani.

Basi swali langu la kwanza halihusu orijino wala spea mpya. Nauliza: nikibadilisha leo, yupo mtu atakayeweza kurudisha kesho? Kama jibu ni ndiyo, nabadilisha bila wasiwasi. Kama ni hapana, natafuta njia nyingine mpaka nichoke.

Na mara nyingi chuma kinachotuhumiwa hakina kosa. Nilikaa na gitaa la yule kijana, nikakaza uzi wa tatu taratibu huku sikio likiwa karibu na shingo. Ting! Sauti inaruka ghafla. Hapo nikajua. Uzi ulikuwa unanasa kwenye kile kipande kidogo juu ya shingo, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Unakaza ufunguo, uzi haujongei. Kisha unaponyoka wote kwa mpigo. Mwanamuziki anaamini ufunguo umelegea, kumbe mfereji umebana. Nililainisha mfereji kwa kikwaruzo chembamba, kidogo sana, kisha nikapaka unga wa risasi ya penseli.

Funguo zenyewe nilizitoa, nikazisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki. Mgongoni mwa kila Kluson pana kitundu kidogo ambacho watu wengi hudhani ni alama tu. Ni mahali pa kutilia mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha ufunguo mbele na nyuma, futa yanayotoka. Yalitoka meusi kama wino. Baada ya tone la pili, ufunguo ulizunguka laini.

Vishikio viwili vya plastiki vya kuzungushia funguo hizo vilikuwa vimesinyaa na kupasuka. Plastiki ile ya zamani ndiyo tabia yake, na haina tiba. Hapo nilibadilisha: nilitoa vishikio hivyo viwili tu, nikavika vipya vya umbo lile lile juu ya vyuma vyake vya zamani.

Daraja, yaani kile chuma kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa, ni habari nyingine. Daraja la aina hii, liitwalo ABR-1, likibebeshwa nyuzi miaka sitini huinama katikati, na nyuzi za kati zinashuka kuliko za pembeni. La gitaa hili limeinama, na kwetu pwani chumvi ya bahari imekwishakula skrubu zake. Hapa sing'ang'anii orijino; nilifunga jipya. Mpigaji anahitaji daraja lililonyooka. Ila chagua kwa makini: nguzo za daraja la zamani zina uzi wa skrubu wa kipimo cha Kimarekani, na madaraja mengi ya bei nafuu hutengenezwa kwa milimita. Mtu akiona halikai, anashika drili, na tumerudi kule kule. Tafuta linaloteremka juu ya nguzo zilizopo bila kulazimisha.

Chuma cha kushikia nyuzi nyuma ya daraja nilikiacha kilivyo. Ni cha alumini, chepesi, na mimi nasikia tofauti ninapofunga kile kizito cha zinki. Gitaa linapoteza uchangamfu wake. Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Nikeli yake imefifia, lakini tafadhali msiing'arishe kwa dawa za kusugulia. Tabaka lile ni jembamba, na likiisha chumvi itaanza kula alumini iliyo chini yake.

Kama gitaa lako limeshatobolewa zamani, usijitese kwa ajili ya heshima ya kiwanda. Funga funguo nzuri zinazoingia kwenye matundu yaliyopo, upige muziki.

Kijana aliporudi nilimpa gitaa likiwa limetyuniwa. Alivuta uzi wa tatu kwa kidole, akaupindisha juu, akauachia, akaupiga tena. Ulikuwa pale pale. Nilimkabidhi na mfuko wa kitambaa: ndani yake daraja la zamani, skrubu zake zenye kutu na vile vishikio viwili vilivyopasuka, nikamwonyesha kisanduku kidogo ndani ya sanduku la gitaa pa kuuweka. Kiboksi cha Grover alirudi nacho dukani, funguo zote sita zikiwa ndani.