Utabiri wa Lamu haubuniwi Nairobi

Kaa gatini Lamu, utasikia: "Hao wa hali ya hewa wako Nairobi, bahari yetu wataijulia wapi?" Maneno ya zamani hayo, ila si kweli. Lamu na Malindi zina vituo vyake. Mpimaji husoma joto, upepo na kanieneo ya hewa. Kwa miaka mingi aliviandika kwa mafungu ya tarakimu tano tano, na fungu 63772 ni namba ya kituo cha Lamu yenyewe. Vipimo vikuu huchukuliwa duniani kote kwa wakati mmoja: kwetu saa tatu na saa tisa, mchana na usiku. Siku hizi husafiri kwa intaneti, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani linahamia WIS 2.0, mfumo mpya wa kubadilishana taarifa hizo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, bado hupimwa papa hapa.