Mji unaopitika kwa miguu ni mji wa namna gani?

Mvua ikinyesha sana tunasema barabara haipitiki, na kila mtu anaelewa kuwa kilichokwama ni gari. Mwenda kwa miguu hatajwi. Yeye anadhaniwa atapita tu: ataruka mtaro, atajibana ukutani bodaboda ipite, atashuka barabarani kwa sababu mbele yake gari limeegeshwa juu ya njia yake. Wapangaji wa miji wanapozungumzia mji unaopitika kwa miguu, wanauliza swali lilelile la siku ya mvua, ila safari hii kwa niaba ya mtu. Je, bibi mwenye kikapu, mtoto wa darasa la pili au mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kutoka stendi hadi sokoni hadi benki bila kuhatarisha maisha na bila kuloa jasho?

Umbali, basi, ni sehemu ndogo tu ya dhana hii. Mita 400 ni mwendo wa dakika 5 hivi, na katikati ya miji midogo mingi hakuna pa kwenda pazidipo mara tatu ya hapo. Kinachokosekana ni njia yenyewe. Tazama maduka ya zamani ya Wahindi: mbele ya milango kuna kibaraza kirefu chenye paa, kimejengwa makusudi ili mpita njia asipigwe jua wala mvua. Ubunifu wa maana sana. Lakini kila mwenye duka kapandisha sakafu kwa kimo anachotaka, huyu kapanga magodoro, yule kaweka jenereta, na mteja anapanda na kushuka kama mbuzi mlimani mpaka anaona heri apite na magari.

Kivuli nacho ni sehemu ya njia. Pita stendi isiyo na miti saa saba mchana utaona abiria wamejipanga mstari mmoja mwembamba, na ukichunguza utagundua wamefuata kivuli cha nguzo ya umeme. Mti ungewafanyia kazi mbili. Kwanza unazuia jua lisifike kwenye lami na kuta, ambazo hulihifadhi joto na kulitoa hadi usiku. Pili, majani hutoa mvuke, na mvuke ule hutumia joto la hewa iliyo karibu, ndiyo maana chini ya mwarobaini kuna ubaridi usioupata chini ya bati. Kwa hiyo ile mitende ya mapambo inayopandwa katikati ya barabara ili mji upendeze picha haimsaidii anayetembea. Kivuli chake ni kama cha mnara wa simu. Kosa jingine ni kupanda mti mkubwa kwenye shimo la ukubwa wa ndoo na kulizungushia zege. Mizizi ikikua inapasua sakafu, na mti ndio unaohukumiwa kukatwa.

Sasa vichochoro. Neno lenyewe lina sifa mbaya: uchochoroni ndiko kwa vibaka, ndiko kwa harufu. Hata hivyo watu wa mwambao wana ushahidi tofauti. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu, iliyofuata mwaka 2001, ni miji ya vichochoro kwa sehemu kubwa. Nyumba ndefu zilizokaribiana zinatiliana kivuli. Lamu mizigo inabebwa na punda, na Usita wa Mui, njia yake kuu, ungeitwa uchochoro kwingineko. Zanzibar, mbele ya nyumba kuna baraza la mawe: hapo watu hukaa jioni, hapo muuza kahawa huweka birika, na maji ya mvua yakijaa njiani, baraza hilohilo hugeuka daraja la kupitia.

Kwa nini uchochoro huu uko hai na ule wa nyuma ya maduka ya mji mwingine umekufa? Naona jibu liko kwenye milango. Zanzibar na Lamu, nyumba zimeuelekezea uchochoro mlango wa mbele. Kwenye miji iliyopimwa kwa viwanja vya mraba, majengo yameupa mgongo: kuna ukuta, bomba la maji machafu na mapipa ya taka. Kufufua uchochoro, basi, ni kuugeuzia majengo uso. Mtaro unafunikwa, vitofali vya pevingi vinatandazwa, taa zinafungwa, taka zinapangiwa saa ya kuzolewa, na zaidi ya yote duka moja au mawili yanatoboa mlango wa nyuma. Rangi za ukutani zinaweza kusubiri. Na pikipiki zizuiwe, maana hata Mji Mkongwe zimeshaanza kuwafukuza watu kwenye mabaraza yao.

Anayedhani haya hayawezekani pale magari yalipokwisha kuzoea aitazame Pontevedra, mji wa Hispania wenye watu wapatao 80,000. Miguel Anxo Fernández Lores aliposhika umeya mwaka 1999, mitaa ya kale ya katikati ilikuwa imejaa magari, mengi yakipita tu kwenda kwingine au yakizunguka kutafuta maegesho. Hayo ndiyo yaliyolengwa. Maegesho ya katikati yaliondolewa, ya bure yakawekwa pembezoni, mwendo ukashushwa hadi kilomita 30 kwa saa, na magari ya kushusha bidhaa yakaendelea kuingia. Kisha mji ukachapisha ramani inayofanana na ile ya treni za chini ya ardhi, ila mistari yake ni ya miguu: kutoka hapa hadi pale mita kadhaa, dakika kadhaa. Wengi wetu tungeshangaa kuiona ramani kama hiyo ya mji wetu mdogo, maana safari tunayolipia bodaboda kila siku ingeandikwa pale dakika 8.